Hisa za Baba na Ukurasa Nisioufungua

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana hata nisipokiri wapo watakaonisemea: mimi ndiye yule mwalimu wa hesabu wa Baleni aliyeshindwa kuzidisha kwa kumi. Nikipita madukani Kilindoni bado wapo wanaoniinulia viganja viwili, vidole vyote kumi, halafu wanajifanya walikuwa wanajinyoosha mgongo. Zamani nilikuwa nakasirika, siku hizi naitikia salamu naendelea na njia yangu, kwa sababu kwa niliyoyafanya kicheko ni adhabu ndogo sana.

Baba yangu, Mzee Bakari, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya ghala Dar es Salaam kwa miaka mingi kwenye kampuni moja (jina lake nalihifadhi, haikunikosea kitu), na kampuni ilipoanza kuuza hisa wafanyakazi wakapewa nafasi ya kununua kwanza, wenzake wengi wakaona karatasi tu hizi, yeye akanunua mia nne na themanini. Alipostaafu akarudi Baleni kwenye minazi na mihogo yake, cheti akakitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na risiti ya baiskeli na kadi ya kliniki ya dada yangu, na kila akiulizwa anajibu, "Hizo ziacheni, ziko kazini." Sisi tulidhani anatania, kazi gani hiyo inafanyika ndani ya bahasha.

Alipofariki tukabaki warithi watatu: mama, dada yangu Mwanahawa, na mimi. Dada ameolewa Juani, kisiwa cha jirani, mumewe alishatangulia mbele ya haki, naye analima mwani na bado anaishi uani kwa wakwe zake, si kwamba wanamtesa, hapana, lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Baba alikuwa amempa kiwanja hapa Baleni jirani na mama, naye kwa fedha ya mwani, kidogo kidogo, akapandisha kuta za mawe na udongo, zikasimama hivyo hivyo bila paa, masika ya kwanza yakazilamba, masika ya pili yakaangusha pembe ya jikoni, na kila mtu aliyeziona alijua kwamba masika ya tatu hazitayavuka. Kilichokosekana ni mbao na bati tu. Kwa hiyo bahasha ilipofunguliwa dada hakuuliza minazi wala baiskeli, aliniuliza mimi jambo moja.

"Mdogo wangu, hizo hisa zinaweza kuezeka nyumba?"

"Nitatafiti, dada," nikamwambia.

Neno hilo nilikuwa nalipenda mno, nitatafiti, nalisema huku nimeinua kidevu kidogo, na watu wakinisikia walikuwa wanatulia, maana mwalimu kasema. Mahakama ya Mwanzo nayo ikaniteua kuwa msimamizi wa mirathi bila kupingwa na mtu, kwani nani mwingine pale nyumbani alikuwa anajua hisa ni kitu gani? (Hata mimi nilikuwa sijui, ila nilikuwa najua kutojua kwa namna inayofanana na kujua.)

Sasa nikawa nasogeza siku. Leo nina mitihani ya kusahihisha, kesho mtandao hausomi, mpaka ikafika asubuhi ya arobaini yenyewe, wanawake wanapembua mchele, masufuria yamepangwa uani, na Maalim Hamidu, imamu wetu, ameshaniambia nijiandae nitasimama baada ya kisomo. Maana kwetu siku hiyo ndiyo watu hutajiwa marehemu kaacha nini, mwenye dai aseme, mwenye kusamehe asamehe, na jamvi zima liwe shahidi. Nikatoka mbio na simu hadi nyuma ya choo, ambako ndiko mtandao unakokamata (usicheke, wa Baleni wananielewa), nikaanza kutafuta historia ya ile kampuni.

Ukurasa ukafunguka vipande vipande. Mstari wa bei unapanda taratibu, unapanda, halafu ghafla unaanguka wima kama nazi. Nikasogeza kidole kusoma tarakimu: siku moja hisa ilikuwa shilingi elfu tatu na mia nne, siku ya soko iliyofuata ni mia tatu na arobaini, na haikurudi juu tena. Nikaangalia magawio, yaani ile faida wanayogawiwa wenye hisa kila mwaka: mwaka mmoja shilingi mia mbili kwa kila hisa, mwaka uliofuata ishirini. Nikasema moyoni, basi, kampuni ilikufa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa maandishi ya buluu unaosema kwamba kuona historia ya mabadiliko ya hisa fungua hapa, na wakati huohuo ukaingia ujumbe kwamba bando langu linakaribia kwisha. Kibanda cha vocha kilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale, na mfukoni fedha nilikuwa nayo, lakini nilimsikia Maalim anakohoa kile kikohozi chake cha kuanza, nikajiuliza huo ukurasa utaniambia nini ambacho sijakiona kwa macho yangu? Nikazima simu. Uamuzi wangu wenyewe ni huo, haukuchukua hata dakika, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Nikasimama mbele ya jamvi. Nilizungumza vizuri sana, hilo nalo ndilo linaloniumiza nikikumbuka, nilizungumza kwa utulivu na mpangilio kama nipo darasani, nikawaeleza kwamba nimetafiti kwa kina historia ya bei na magawio ya kampuni, na kwa masikitiko hisa za marehemu zimepoteza sehemu tisa katika kumi ya thamani yake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Masikini Mzee Bakari, kumbe miaka yote alilalia karatasi," na baadhi ya watu wakacheka kwa chini, wakamcheka baba kwenye arobaini yake, na mimi sikuwakemea. Mama alikuwa mlangoni na wanawake wenzake. Nilimwona akijifunika mtandio mpaka usoni na kuingia ndani.

Sauti ya dada ikatoka upande wa wanawake. "Shomari, haitoki hata bati kumi?"

"Dada yangu, fungu lako halitoshi hata nauli ya kwenda Dar es Salaam kulifuatilia. Na kila mrithi anatakiwa afungue akaunti yake, apeleke kitambulisho, ajaze fomu. Ni usumbufu mtupu."



"Basi mimi nimesamehe," akasema. "Achukue Shomari, yeye ndiye aliyehangaika."

Mama naye akaleta neno kwamba amesamehe. Maalim akawauliza kama wamesamehe kwa ridhaa zao, wakajibu ndiyo, akawashuhudisha watu, ikasomwa dua, kikaletwa chakula. Nami nilikula pilau ile nikijiona mtu mwema, nimewapunguzia wanawake usumbufu na nimebeba mzigo peke yangu. Wallahi ndivyo nilivyojiona.

Miezi miwili baadaye nikaenda Kilindoni dukani kwa Bwana Murtaza, ambaye anauza vifaa vya ujenzi na kamba na rangi, ana mashine ya fotokopi, na mtandao wake hausumbui. Nilikuwa nimeshamwandikia wakala wa hisa Dar es Salaam kwamba nataka kuuza, naye kaniomba nakala ya cheti cha hisa, ya cheti cha kifo, na ya barua ya mahakama. Dukani tulikuwa watu kama sita, na mmoja wao ni shemeji Athumani, kaka wa marehemu mume wa dada, amevuka kutoka Juani kuja kununua kamba za mwani. Simu yangu ikaita. (Simu yangu ilikuwa imekufa spika ya sikioni tangu ilipoingia maji, nikawa nasikilizia spika ya nje, kwa hiyo kila aliyenipigia alizungumza na mimi na waliokuwepo wote.)

"Shikamoo mzee," akasema binti wa ofisi ya wakala.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeona umeandika unauza hisa mia nne na themanini. Zinazobaki unaziacha kwa jina la marehemu?"

"Zinazobaki zipi?"

"Marehemu ana hisa elfu nne na mia nane."

Nikacheka. Nikawaangalia wenzangu dukani, nikawakonyeza kabisa, ili waone jinsi vijana wa siku hizi walivyo wazembe, halafu nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ubaoni. "Binti yangu, umeongeza sifuri hapo. Cheti ninacho hapa, na mimi kazi yangu ni kufundisha hesabu."

"Hicho ni cheti cha zamani, baba," akasema, kwa adabu zake zote. "Kampuni iligawanya hisa zake, kila moja ikawa kumi, ndiyo maana bei na gawio la hisa moja vikashuka. Kwenye historia yao wameeleza, hukufungua? Halafu kuna magawio ya miaka mingi hayajachukuliwa, hundi zilikuwa zinarudi kwa sababu anwani ya marehemu ni ya zamani. Hayo yote yapo, yanasubiri wenyewe."

Bwana Murtaza alikuwa ameshikilia cheti juu ya mashine, akasita hivyo hivyo mkono hewani. Nikakata simu. Kisha shemeji Athumani akaweka kamba zake chini.

"Mwalimu, hizo si ndizo alizosamehe Mwanahawa?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa uvivu na hili lilikuwa uongo. Nilisema, "Aa, huo mfumo wao una matatizo, nitawasiliana nao warekebishe." Nimeshaelewa kila kitu, nimeshauona ule mstari wa buluu machoni mwangu, na bado nikasema mfumo.

"Haya," akasema Athumani, akalipa kamba zake akaondoka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri dada alikuwa Baleni. Alivuka na mashua ya kwanza mpaka Utende, akapanda bodaboda, kanga yake kiunoni bado ina chumvi ya mwani. Alimwamkia mama, akakaa kwenye mkeka, na mimi nilipotokea nikasema, "Shikamoo dada," hakuitikia marahaba.

"Shomari, niangalie. Ulijua?"

"Sikujua."

"Wewe unayefundisha watoto wa watu kuzidisha, hukujua?"

Nikaona nimebaki na njia mbili tu, ama nikubali kuwa mwizi ama nikubali kuwa mjinga, na nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kukwepa hiyo ya pili. Nikamwambia nilikuwa sijafungua ukurasa wa mwisho. Nikamwambia habari ya bando, ya kikohozi cha Maalim, yote. Nikisema kwa sauti, jambo lenyewe lilizidi kuwa dogo na la kipuuzi, na aibu ikazidi.

"Athumani kaniambia umesema ni mfumo. Ni mfumo?"

"Siyo mfumo."

"Kwa nini ulisema?"

"Niliona haya, dada."

"Uliwaonea haya watu wa dukani," akasema pole pole. "Mimi, ambaye kuta zangu zinaanguka, hukunionea haya."

Mama, ambaye muda wote alikuwa anakuna nazi kama hasikii, aliacha mbuzi akanitazama. "Na baba yako uliacha watu wamcheke," akasema, kisha akaendelea kukuna. Katika maisha yangu sijawahi kupigwa kofi likanipata kama maneno yale.

Dada hakutaka nimweleze, alitaka nimwonyeshe. Tukaenda wote Kilindoni, Bwana Murtaza akatupa benchi na mtandao, nikaufungua ule ukurasa wa mwisho mbele yake (ulikuwa na mistari minne tu, jamani, minne), tukachukua daftari tukaanza mwaka wa kwanza aliponunua baba, mwaka baada ya mwaka. Pale penye anguko nikaanza kutafuta mfano wa kitaalamu, yeye akanitangulia.

"Si sawa na mkate wa kumimina? Ukiukata vipande kumi, kipande kinakuwa kidogo, lakini mkate ni uleule."

"Ndivyo hivyo."

"Na hili gawio, mia mbili kwa hisa mia nne na themanini, na hii ishirini kwa hisa elfu nne na mia nane." Akanipa kalamu. "Hebu piga."

Nikapiga. Elfu tisini na sita, na elfu tisini na sita. Mwaka kabla na mwaka baada, baba hakupungukiwa hata senti. Dada yangu aliishia darasa la saba, na alikielewa kwa sentensi moja kitu ambacho mimi na stashahada yangu nilikisimamia mbele ya jamvi nikakipindua.

"Kwa hiyo zilikuwa kazini kweli," akasema, na machozi yakamtoka, akajifuta kwa pembe ya kanga. Kisha akafunga daftari. "Ulisema mbele ya watu. Ukanushe mbele ya watu."

Ijumaa baada ya sala Maalim Hamidu akawazuia watu wasitoke. Nilisimama, safu za nyuma wamejaa wanafunzi wangu, na mbele wazee waliokuwepo siku ya arobaini. Nikawaambia kwamba nilidai nimetafiti na sikutafiti, nilidai baba kapoteza na hakupoteza, dada na mama wamesamehe kwa maneno yangu ya uongo, na dukani nilidanganya tena ili nijisitiri. Niliwaomba wamwombe baba radhi kwa kile kicheko, nikawaomba radhi na mimi. Mzee mmoja, sijui alikuwa na nia gani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwalimu, mia nne na themanini mara kumi ni ngapi?" Nikajibu, "Elfu nne na mia nane." Akaitikia kwa kichwa, "Sahihi." Msikiti mzima walijizuia, unajua namna watu wanavyojizuia kucheka msikitini, mabega ndiyo yanayocheka.

Maalim hakucheka. Alisema aliyesamehe kitu alichodanganywa thamani yake hajasamehe kitu, na haki ya Mwanahawa na ya mama yake iko palepale. Akatuma mtu akaulize upande wa wanawake dada anasemaje. Mimi, nisiwafiche, nilikuwa natarajia atasema yaishe, sisi ni ndugu, chukua hata nusu. Jibu likaja kwamba anachukua fungu lake lote, na anaomba msimamizi wa mirathi abadilishwe, awe mjomba Issa, ndugu yake mama.

Mjomba Issa hajui hata kutuma ujumbe wa simu. Nilikwenda naye Mahakama ya Mwanzo mwenyewe nikasaini kujiondoa, na karani aliponiuliza sababu nikasema sababu ni mimi.

Dada akapata magawio yake ya nyuma, akauza nusu ya hisa zake, nusu akaziacha. Bati likapanda siku chache kabla ya masika kuanza. Nilienda kusaidia kupiga misumari, akanipokea vizuri, akanipa chai na mihogo, tukacheka mambo ya zamani. Lakini fundi alipotaka mtu wa kumhesabia bati zilizobaki nikainuka, dada akasema, "Kaa tu Shomari, nimeshahesabu," nami nikakaa.

Mwaka huu gawio lilipotangazwa ni yeye aliyenipigia simu. Akanitajia hisa moja ni shilingi ngapi, la mama kiasi gani, langu kiasi gani. Nikamwambia, "Ahsante dada, nimekuamini."



"Usiniamini," akasema. "Kasome mwenyewe."

Hakusema kwa hasira, ingekuwa nafuu angesema kwa hasira. Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema silijui, hata mbele ya darasa, na nimejiapiza kutosimama tena mbele ya watu na jambo nililolisoma nusu. Na kila dada anaponipigia kunipa hesabu, nikikata simu naenda kuihakiki mpaka mwisho, si kwa sababu simwamini, ila kwa sababu hilo ndilo jambo pekee aliloniomba tangu siku ile.